Kushuka Kutoka Tshivanga kwa Vitesi ya Pili

Mwaka 2011, baada ya kukaa miaka miwili na cheti cha ualimu nikisubiri nafasi ya kufundisha ambayo haikutokea, nilianza kuendesha moto, kama tunavyoiita pikipiki hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na nikaingia katika kundi kubwa la watu wanaoitwa wamotari. Utaratibu wa kazi yetu si mgumu kuueleza: kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi unatafuta kwanza fedha ya mwenye pikipiki, kisha ya esansi, yaani petroli, kisha yako mwenyewe; Jumapili, chochote unachopata ni chako. Mtu anayeishi kwa hesabu hiyo hapendi kuipoteza Jumapili, na ndiyo maana mke wangu aliponiomba, Septemba 2018, nimtembeze milimani mchana mzima bila abiria na bila faida, nilinyamaza kwanza.

Yeye hakunyamaza. Alisema, "Baba Neema, umebeba Bukavu nzima. Mimi unanibeba ninapokwenda sokoni, hospitalini na msibani. Hujawahi kunipeleka mahali ambapo nikifika sina kazi ya kufanya."

Nilitafuta jibu nikalikosa. Tukakubaliana kwamba baada ya misa, watoto wakibaki kwa dada yake kule Bagira, tungeifuata barabara ya Kavumu hadi Miti, tukate kushoto na kupanda mpaka Tshivanga, penye mlango wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, kisha turudi kabla ya giza. Ni kama kilomita 30 hivi kwenda, mwendo ambao mimi nikiwa na abiria mwenye haraka huumaliza bila kukumbuka hata kimoja kati ya vitu nilivyopita. Alitoa sharti moja tu, kwamba niende polepole, nami nikalipokea kama mtu anayepokea ombi la mgonjwa, yaani kwa huruma, bila kufikiri kwamba ndani yake kulikuwa na jambo la kujifunza.

Alipanda kama wanawake wengi wa hapa wanavyopanda, yaani upande upande, miguu yote miwili ikiwa kushoto na kikwembe kikiwa kimekunjwa magotini. Kuna sababu ya kukaa kushoto: pikipiki nyingi tunazotumia zinatoka India, ambako wanawake wenye nguo ndefu huketi hivyohivyo, na waliozitengeneza waliweka upande huo kizuizi cha chuma ili nguo isivutwe na gurudumu, na upande wa kulia kuna bomba la moshi, ambalo limewaachia watu wengi wa mji huu kovu la mviringo chini ya goti. Lakini anayekaa hivyo huona upande mmoja tu wa dunia. Tulipokuwa tunaelekea kaskazini, ziwa lilikuwa mgongoni mwake, na milima ya Kabare ilikuwa mbele ya macho yake. Nilimwambia kwamba ziwa ataliona wakati wa kurudi. Alicheka, akasema sawa.

Anayeijua Bukavu anajua kwamba huku hakuna safari isiyo na mteremko. Mji umekaa kwenye rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu, ambalo maji yake yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo nyumba zinapanda vilima hadi Kadutu na Bagira na kuendelea. Motari wa hapa hupanda na kushuka tangu alfajiri. Kwa hiyo tumejizoesha tabia moja ambayo sitaificha, kwa sababu ndiyo kiini cha simulizi hii: kila tunapofika juu ya mteremko mrefu tunazima injini, tunaiacha pikipiki ijishushe kwa uzito wake, na kuhesabu esansi tuliyookoa. Nilifundishwa hivyo katika juma langu la kwanza na kijana mwenzangu, nami nikawafundisha wengine.

Tulitoka mjini mwendo wa saa saba mchana. Lami ya barabara ya Kavumu ilikuwa na mashimo, na nilipokuwa nayakwepa kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa niligundua kwamba sikuwa nayakwepa kwa ghafla kama siku zote. Nilikuwa nayaona mapema, nachagua njia, na mwili wa Mama Neema unanifuata badala ya kuvutwa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza juma lile, na udongo mwekundu wa kando ya njia ulikuwa umeshika rangi. Tulipita mikaratusi, migomba, matanuri ya matofali, watoto wenye kandambili za Jumapili. Soko la Mudaka lilikuwa limetulia. Hapa na pale tulikutana na kina mama waliobeba mizigo kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, miili yao imeinama mbele, wakitoka upande wa msitu na makala, yaani makaa, au kuni. Nimewapita kina mama hao maelfu ya mara. Nimewapigia honi.

Kwenye mteremko mmoja kabla ya Miti mke wangu aliniomba nisimame. Alikuwa anamtazama mama mmoja aliyekuwa anashuka na gunia ambalo mimi nisingependa kulifunga hata nyuma ya pikipiki. Akaniambia, "Tazama anavyoshuka. Hatua fupi. Mama yangu alitufundisha hivyo: wakati wa kupanda unaweza kujilazimisha, lakini wakati wa kushuka mzigo ndio unaotaka kukimbia, na wewe usikubali." Nilimjibu kwamba ni kweli, tukaendelea, na mbele kidogo mteremko ulipokuwa mkali nikazima injini kama kawaida yangu. Hakusema neno. Nilihisi vidole vyake vikikaza kwenye koti langu, nikadhani ni baridi.

Miti tulinunua mahindi ya kuchoma na ndizi, tukakata kushoto. Hapo lami inaisha. Barabara hiyo ndiyo inayoendelea kupitia msituni kuelekea Bunyakiri, Walikale na mwishowe Kisangani, na wazee wa Bukavu bado husimulia siku ambazo malori yalikuwa yanaikamilisha. Sisi tulihitaji kipande chake kidogo tu. Mashamba ya chai yalianza: kijani kilichokatwa sawasawa, kinachofuata umbo la kila kilima hata ukadhani ni blanketi lililotandikwa na mtu mwenye mikono mingi. Kwa mbali, safu za milima zilipandana hadi kwenye wingu, na mahali fulani ndani ya wingu hilo ulikuwepo Mlima Kahuzi, wenye mita 3,308, volkano iliyozimika zamani za kale, pamoja na mwenzake Biega, wenye mita 2,790, ambao majina yao yanaunda jina la hifadhi.

Kadiri tulivyopanda, pikipiki ilianza kulalamika. Wapo wamotari wanaoamini kwamba pikipiki "inachoka" milimani kama mtu, na si uongo mtupu, isipokuwa kinachopungua ni hewa. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu 1 kati ya 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na esansi haipati ya kutosha kuungua nayo. Ndiyo maana kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya tambarare hutoa huku moshi mweusi na harufu kali. Pikipiki yangu ya sentimita za ujazo 125, ikiwa na watu wazima wawili juu ya udongo uliolowana, ilikubali vitesi, yaani gia, ya pili tu, na penye mwinuko mkali ikaomba ya kwanza. Siku ya kazi ningeilazimisha. Siku ile niliiacha ipande inavyoweza, nikasogea mbele kidogo kwenye kiti na kumwomba mke wangu asogee nami, maana wakati wa kupanda uzito wote hurudi nyuma na gurudumu la mbele hubaki jepesi, likikosa nguvu ya kuongoza.

Tulifika Tshivanga baridi ikiwa imeanza. Hapo uko juu ya mita 2,000, na ukungu huja bila kubisha. Hatukuingia hifadhini, kwa sababu kuwaona gorila kuna utaratibu na malipo ambayo si ya motari, lakini tulisimama karibu na mlango tukiutazama msitu. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1970 kwa juhudi za Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyewazoesha gorila kuwapo kwa watu. Mwaka 1980 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 1997, katika miaka ya vita, ikawekwa kati ya maeneo ya urithi yaliyo hatarini. Nilikuwa nimewahi kumfundisha Neema mambo hayo kwa ajili ya mtihani wake, lakini mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kusimama hapo kwa zaidi ya muda wa kupokea nauli. Sauti pekee ilikuwa ya ndege, na ya matone yaliyodondoka kutoka kwenye majani.

Tulirudi nyuma mita chache, tukakaa kwenye nyasi kandokando ya chai na kula mahindi yaliyokuwa yamekwisha kupoa. Ukungu ulipofunguka upande wa mashariki, ziwa lilitokea lote kwa mara moja, pana, rangi ya kijivu na fedha, na kisiwa cha Idjwi kimelala katikati yake. Nilimwambia, "Unaona? Kumbe njia yote hii ulikuwa umelipa mgongo." Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau.

"Baba Neema, mimi hata milima niliyokuwa naielekea sikuiona yote. Kwenye mteremko huwa nafumba macho."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu zamani, tangu siku za kwanza. Nilimuuliza kama ni mwendo wangu. Akafikiri kwa uangalifu, kwa sababu ni mtu asiyependa kusema zaidi ya anachojua, akajibu, "Si mwendo peke yake. Ni pale unapozima injini. Injini ikilia najua kwamba kuna mtu anaishughulikia. Ikinyamaza nasikia upepo tu, na pikipiki inazidi kwenda, na sijui kama yupo mtu anayeiongoza."

Nilikaa kimya kuliko nilivyonyamaza alipoomba safari. Kilichonijia kichwani hakikuwa maneno yake tu, bali mteremko mwingine, ndani ya mji, mwaka 2014. Nilikuwa nimebeba mzee mmoja asubuhi ya mvua nyepesi, nimezima injini, naishika freni ya nyuma kwa mguu tangu juu hadi chini. Freni ya aina hiyo, iliyofungiwa katikati ya gurudumu, inapokandamizwa kwa muda mrefu hushika joto, na ikishika joto hupoteza nguvu. Nilipokaribia kona nilikanyaga nikakuta hakuna kitu chini ya mguu wangu. Nikakaza ya mbele, gurudumu likateleza kwenye maji, tukaanguka ukingoni. Mzee yule alivunjika mfupa wa bega. Nilimpeleka kutibiwa, nikalipa kwa miezi mingi, nikamtembelea, akanisamehe kwa moyo mweupe kuliko nilivyostahili. Motari mmoja mkubwa kwangu kwa umri aliniita pembeni siku zile akaniambia kanuni ambayo madereva wa malori wanaijua: vitesi uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia, na injini iwe hai, maana ukiachia esansi huku gia imeshika, injini yenyewe inalizuia gurudumu, na freni inabaki na nguvu kwa ajili ya dharura. Niliifuata kanuni hiyo kwa miezi michache. Kisha esansi ikapanda bei, na polepole nikarudia desturi yangu ya kwanza, nikijiambia kwamba sasa nimekuwa mzoefu.

Nikiwa nimekaa pale kwenye nyasi nilijaribu kuhesabu wangapi kati ya watu niliowabeba walikuwa wamefumba macho. Abiria wa pikipiki hukaa nyuma ya kisogo chako. Humwoni, na yeye mara nyingi haoni aibu kubwa kuliko ya kumwambia motari kwamba anaogopa. Wengine huomba kimoyomoyo, wengine hukaza vidole, nawe unadhani ni baridi.

Tulipoinuka nilifanya mambo matatu. Nilimwomba avae suruali aliyoibeba kwa ajili ya baridi chini ya kikwembe chake, ili aweze kukaa kwa kutanua miguu na kuishika pikipiki kwa magoti. Wakati wa kushuka abiria huteleza mbele na kumsukuma dereva, na aliyekaa upande hana cha kujizuia nacho isipokuwa vidole. Nilimwonyesha sehemu za kuweka miguu na nikamtahadharisha kuhusu bomba la moshi. Kisha nikakigeuza kidogo kioo cha kulia, kwa kuwa sisi huendesha upande wa kulia na magari yanayotupita huja kushoto, nikakiweka mpaka nikauona uso wake juu ya bega langu.

Tukashuka kwa vitesi ya pili. Injini ilikuwa inaunguruma kwa sauti nzito ya kujizuia, kilomita 15, mara nyingine 20 kwa saa, nami niliishika freni kwa kugusa na kuachia, ya mbele na ya nyuma pamoja, kabla ya kona na si ndani yake. Penye matope nilichagua sehemu iliyokanyagwa na watu, ambayo huwa imara kuliko njia za matairi. Nilimwambia akiogopa anigonge begani mara moja, nami nitapunguza bila kuuliza. Alinigonga mara mbili katika kilomita ya kwanza. Baada ya hapo alianza kusema anachokiona, na hilo sikulitarajia: ng'ombe watatu kwenye kilima kilichosimama kama ukuta, moshi wa jiko ukipita kwenye mapaa ya nyasi, mtoto aliyejifunika jani la mgomba, ziwa likifichwa na kilima na kutokea tena. "Sasa naona pande zote mbili," akasema. Nami, ambaye macho yangu hayakupaswa kutoka njiani, niliiona nchi yetu kwa maneno yake.

Kina mama wenye mizigo walikuwa bado wanashuka kuelekea Miti, na kwa mwendo wetu tuliwapita taratibu kiasi cha kusalimiana nao. Mmoja alituuliza kama pikipiki imeharibika. Mke wangu alimjibu kwamba haijaharibika, tunatembea tu.

Mvua ilitukamata tuliporudi kwenye lami. Matone ya kwanza ndiyo mabaya zaidi baada ya kiangazi, kwa sababu yanainua vumbi na mafuta yaliyokaa barabarani na kuyafanya utelezi, na mvua inapaswa kunyesha kwa muda ndipo iyasafishe. Siku ya kazi tusingesimama. Tulijibanza chini ya paa la duka lililofungwa, na wenye nyumba ya jirani wakatuita ndani, wakatupa kiti na kutuuliza tunatoka msiba gani, maana mtu na mke wake juu ya pikipiki Jumapili jioni, nguo zikiwa na matope, wanatoka wapi tena? Tuliwaeleza ukweli. Walifurahi kwa namna ya watu wanaosikia habari njema ya mtu mwingine. Tulikaa karibu nusu saa hadi maji yalipoanza kukimbia safi kwenye mtaro, tukashukuru, tukaondoka.

Saa kumi na mbili jua huzama huku kwetu bila kuchelewa, na giza hufuata upesi. Tuliingia Bagira dakika chache kabla ya hapo, tukawachukua watoto. Esansi niliyotumia zaidi kwa kushuka injini ikiwa hai niliipima siku iliyofuata: ilikuwa kidogo kiasi kwamba nilirudia kuipima.

Jumatatu asubuhi abiria wangu wa kwanza alikuwa mama wa makamo pale Nyawera, mwenye kapu, anayekwenda Panzi. Alikaa upande, miguu kushoto. Nilimwomba radhi kwa kumpotezea muda, nikamweleza kwamba tutashuka polepole na kwamba injini haitazimwa, na kwamba akiogopa anigonge begani. Akanitazama kama mtu asiyejua amjibu nini motari anayesema hivyo. Tulipofika kwenye mteremko niliingiza vitesi ya pili, nikasikia injini ikishika, na katika kioo cha kulia, ambacho nilikuwa sijakirudisha mahali pake, nikaona nusu ya uso wake. Alikuwa anatazama ziwa.